Taa zilipozimwa Chicago

Msomaji wangu, ukimsikia mtu anasema muziki hauchezi mpira, mwambie apande basi namba 20 la barabara ya Madison, Chicago, ashukie United Center.

Mimi nilipelekwa pale na binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye yuko Unyamwezini mwaka wa tisa sasa, anabeba boksi usiku. Cha ajabu, hakuwahi kuingia ndani hata siku moja! Nilipomuuliza akanijibu, "Mdogo wangu, nilikuja kutafuta, sikuja kutazama." Tiketi 2 za juu kabisa, karibu na paa, zilimla ujira wa siku mbili.

Tulifuata muziki zaidi kuliko mpira. Nyumbani kwa mjomba, Magomeni, kulikuwa na kanda ya video ya Chicago Bulls ya enzi za Michael Jordan. Taa zinazimwa, kinanda kinaanza taratibu, mtangazaji anaita wachezaji mmoja mmoja. Ikifika zamu ya Jordan, wa mwisho, krrrr! Mashine ilishaitafuna kanda palepale. Tumekua hivyo, tunamalizia kwa midomo yetu.

Kwa wale wasiojua, muziki huo unaitwa Sirius, wa kundi la Uingereza, The Alan Parsons Project. Ulitoka mwaka 1982, hauna neno hata moja na haufiki dakika 2. Katikati ya miaka ya 1980, mtangazaji wa Bulls, Tommy Edwards, aliusikia akiwa sinema, akaona huu ndio wenyewe. Wakati huo Bulls hawakuwa na ubingwa wowote. Makombe yao 6 yalikuja kati ya 1991 na 1998. Yaani muziki ulitangulia, ushindi ukafuata. Mwaka 1994 timu ikahama uwanja wa zamani ng'ambo ya barabara, muziki ukahama nao. Ubingwa haujarudi tangu 1998, lakini muziki upo palepale.

Basi, tukakaa. Wageni wakatajwa taa zikiwaka, kama wanafunzi wanaoitwa majina darasani. Halafu giza! Ukumbi wa watu zaidi ya 20,000 ukalipuka kwa kelele. Kinanda kikaanza, gitaa likaingia, kwenye skrini madume ya ng'ombe yakawa yanatimua mbio katikati ya jiji. Aisee, nywele zilinisimama. Mzee mmoja mbele yetu akavua kofia, utadhani wimbo wa taifa.

Wakaitwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Binamu akanishika mkono, kanishika hasa. Nilijua anasubiri nini. Akatajwa wa tano, kijana wa siku hizi tu, maana Jordan amebaki sanamu pale ukumbini. Lakini jina lilitoka lote, mpaka mwisho.

"Leo haijakatika," binamu akaninong'oneza.

Mchezo wenyewe siusimulii. Kabla ya robo ya pili kuisha binamu alikuwa kashalala, uchovu wa maboksi. Sikumwamsha, kiti kile alikilipia kwa jasho lake.

Nilikuwa nimerekodi kila kitu kwa simu, nikamtumia mjomba usiku uleule. Kulipokucha nikakuta amejibu. Hakuuliza habari za Marekani, wala za mwanawe. Aliuliza swali moja tu:

"Sasa Jordan yuko wapi?"

Tukutane wiki ijayo.