Fimbo Mkono wa Kushoto

Katika vitabu ninavyosoma kwa shahada yangu ya uzamili, nyonga huelezwa kama mpira uliokaa ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja. Kikombe kimo kwenye mfupa wa nyonga, mahali ambapo mifupa mitatu ya utotoni huungana na kuwa mmoja katika miaka ya ujana. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu laini, na katikati yao kuna ute wa kulainisha. Bega nalo ni hivyo hivyo, ila kikombe chake hakina kina, ndiyo maana huteguka kirahisi. Nyonga haizunguki kwa uhuru kama bega, lakini hubeba mwili mzima.

Babu yangu hajasoma kitabu chochote, ila nyonga anaijua. Amechinja ng'ombe wengi hapa Basotu. "Ukitaka kuutoa mguu wa nyuma," aliniambia, "usishindane na mfupa. Kata utando unaouzunguka, halafu utaona kamba moja ndani. Ikate hiyo." Kamba hiyo hata sisi binadamu tunayo.

Likizo iliyopita nilimkuta anachechemea. Eksirei ilionyesha kwamba nafasi kati ya mpira na kikombe, upande wa kulia, imekwisha. Mfupa unasaga mfupa. Daktari alishauri nyonga ya bandia, upasuaji ambao Mwingereza John Charnley aliuboresha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao siku hizi unafanyika Dar es Salaam. Baba akaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza.

"Niuze ng'ombe ili nitembee," Babu alisema. "Nikishatembea, nimfuate nani?"

Hakuna aliyemjibu. Sote tunajua alivyotembea. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya serikali, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho ya wafugaji wa Hanang. Waliobaki na mifugo walilazimika kuipeleka mbali zaidi.

Nilichoweza kumpa ni ushauri mmoja: ahamishe fimbo. Maisha yake yote ameishika mkono wa kulia, upande uleule unaouma. Unapoinua mguu wa kushoto, nyonga ya kulia hubaki na mzigo peke yake. Misuli ya pembeni mwa tako hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiuno kisilalie kushoto, na mvuto huo ukijumlishwa na uzito wa mwili, kiungo hubanwa kwa zaidi ya mara mbili ya uzito wako. Fimbo ikiwa mkono wa kushoto, huisaidia misuli hiyo, na kiungo hupumua.

Babu alijaribu. Alikwenda hadi kwenye zizi, akarudi polepole.

"Maumivu yamepungua," alikiri. "Lakini kwa mkono huu siwezi kumchapa hata ndama."

Ng'ombe hawajauzwa. Nikimpigia baba simu kutoka Dar es Salaam, huwa namuuliza fimbo iko mkono gani. Anasema nyumbani Babu huishika kushoto. Ng'ombe wakitoka zizini, anaihamishia kulia.