Fungate ya siku mbili Unguja

Fungate asili yake ni siku saba. Yetu ni ya siku mbili, maana harusi hapa Mhunze imekomba 'mkwanja' wote, tumebakiwa na vijisenti vya kutufikisha Unguja na kuturudisha. Toka huku Kishapu hadi Dar unashinda barabarani, halafu boti kama saa mbili. Hakuna saa ya kuchezea.

Bibie ana sharti moja tu: "Mume wangu, nataka kuoga hamamu."

Jamani, hizi tamthilia za Kituruki! Kila jioni anawaona wanawake wa kasri la Istanbul wamejilaza kwenye marumaru, mvuke unafuka. Kasikia Unguja kuna mahali panaitwa Hamamni, basi hasikii la muadhini.

Kabla hatujakata tiketi nikampa ukweli. Hamamni ipo. Aliyeyajenga mabafu yale kwa ajili ya watu wa mjini ni Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, tena kwa mtindo wa Kiajemi, si wa Kituruki. Lakini yaliacha kazi mwaka 1920. Siku hizi unaingia mkavu, unatazama mabirika makavu, unatoka mkavu. Ya Kidichi, aliyojenga baba yake, Seyyid Said, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, nayo ni ya kutazama tu.

Bibie kanuna siku mbili. Ndoa changa, ugali unalika kimya kimya, si mchezo! Siku ya tatu ndipo akasema: "Shida yangu si maji. Nilitaka walau mara moja mtu anisugue mimi, badala ya mimi kusugua masufuria."

Kumbe! Basi ratiba tukaipangua. Pesa ya kwanza kabisa ni ya singo. Hiyo ndiyo 'hamamu' ya Waswahili: karafuu, mawaridi na langilangi vikichanganywa, anasuguliwa nayo bibi harusi mpaka ananukia mtaa mzima. Hiyo haiguswi, hata tukila mkate mkavu.

Kinachobaki ni cha tumbo. Siku ya kwanza mchana ni urojo, wenye bajia, kachori na viazi ndani ya ule mchuzi wa manjano mkali wa ndimu. Giza likiingia, Forodhani: pweza, mishkaki na juisi ya miwa. Bei tutauliza kabla sahani haijajazwa! Siku ya pili asubuhi ni soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, kisha kwa miguu hadi Hamamni tukapige picha, halafu boti. Na Mwezi Mtukufu tumeukwepa, maana mchana wake huli hadharani.

Vijana wenzangu, kabla hujauliza nauli, muulize mwenzio anachokitaka hasa. Mimi jibu nimelipata hapahapa Mhunze, bila hata kupanda basi.