Aliyengoja Pembeni ya Barafu

Katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1446, wengi walipokuwa wakikesha misikitini, sisi tulikesha wodini kando ya kitanda cha binti yetu mwenye umri wa miaka 13. Uvimbe ulikuwa umeota ndani ya mfupa, karibu na goti, na siku ya upasuaji ilikwisha kupangwa. Tangu alipoelezwa habari hiyo, alikuwa hasemi nasi ila kwa kuitikia.

Kwa kazi yetu ya ukatibu wa msikiti, tumeandika barua nyingi za kuwataka wenzetu wasubiri. Usiku ule tulitambua kuwa tulikuwa tukiandika neno ambalo uzito wake hatujawahi kuubeba.

Kilichomrudishia binti yetu ulimi hatukukitarajia. Ilikuwa ni timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Marekani, wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu. Yeye barafu aijuayo ni ile ya ubuyu inayouzwa katika vifuko. Lakini alipokuwa akilitafuta jina la ugonjwa wake katika simu ya mama yake, alikutana na jina la Casey O'Brien.

O'Brien naye aligunduliwa kuwa na saratani ya mfupa akiwa na umri wa miaka 13. Alibadilishiwa goti, akatibiwa, kisha maradhi yakamrudia mara nyingine mbili. Hata hivyo alirejea barafuni, na katika msimu wa 2024-25 akawa nguzo ya timu iliyocheza michezo 41, ikashinda 38, ikatoka sare miwili na kupoteza mmoja tu. Katika mchezo huo bao huhesabiwa alama moja, na pasi iliyozaa bao nayo ni alama. O'Brien alikusanya alama 88: mabao 26 na pasi 62. Tarehe 22 Machi 2025 alipewa tuzo ya Patty Kazmaier, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa kike wa vyuo vya Marekani.

"Baba," binti yetu aliuliza, "mtu anakuwaje bora kwa kuwapa wenzake?" Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya siku nyingi.

Kesho yake ilichezwa fainali mjini Minneapolis, dhidi ya Ohio State, waliowafunga Wisconsin 1-0 katika fainali ya mwaka uliotangulia. Kwetu ulikuwa usiku. Tuliufuatilia mchezo katika simu, sauti tukiwa tumeizima kwa ajili ya wagonjwa wengine. Wisconsin walikuwa nyuma 3-2, na dakika ya mwisho ilikuwa ikiyoyoma. Ndipo mchezaji wa Ohio State alipokifunika kwa mkono kile kisahani kigumu wanachokipiga, ndani ya eneo la mlinda mlango. Waamuzi waliitazama picha, wakatoa mkwaju wa adhabu, ambao mchezaji mmoja huenda peke yake kumkabili mlinda mlango.

Kocha Mark Johnson hakumteua O'Brien. Alimteua Kirsten Simms. Mchezaji bora wa nchi nzima alibaki pembeni, msimu wake wote ukiwa katika mikono ya mwingine. Zikiwa zimesalia chini ya sekunde 20, Simms alifunga. Katika muda wa nyongeza, kabla dakika tatu hazijatimia, alifunga tena, na Wisconsin wakatwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya nane.

Binti yetu alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Siku ya operesheni na nyinyi mtakaa kwenye benchi. Atakayepiga ni daktari."

Ndugu msomaji, hatuandiki haya kumwahidi mtu uponyaji. Maradhi hayafanani, na aliyepona mmoja si dhamana ya mwingine. Tunaandika kwa sababu siku ile tulikaa saa nyingi mbele ya mlango uliofungwa, mikono yetu ikiwa haina kazi, na neno la mtoto ndilo lililotushikilia. Tulikuwa tukidhani kungoja ni kukosa la kufanya. Kumbe hata aliye hodari kuliko wote hufika mahali ambapo sehemu yake ni kumwamini mwenzake na kutulia.

Leo matibabu bado yanaendelea. Binti yetu anatembea kwa gongo moja, nalo hamruhusu mtu yeyote kulishika. Ukimwuliza la nini, atakujibu kwamba yeye ni mchezaji wa magongo, na anangoja zamu yake.