Mbona Mbaraka Ana Haraka?

Nilipohamia Minneapolis nilibeba vitu viwili ambavyo kila mtu aliniambia niviache: unga wa muhogo na gramafoni ya umeme ya marehemu baba. Unga uliisha ndani ya mwezi. Gramafoni ndiyo iliyonipa somo.

Sikuwa mjinga kabisa wa umeme. Nikiwa darasa la nne, kwetu Morogoro, mjomba alimletea mama blenda kutoka Marekani. Tukaizunguka wote. Mama akachomeka, ikalia kama pikipiki inayopanda mlima, kisha moshi. Baba akaigeuza, akasoma maandishi ya chini: 120V. Umeme wa kwetu ni volti 230. "Imelishwa karibu mara mbili ya chakula chake," akasema, na tangu siku hiyo nyumbani hakikuchomekwa kitu kabla ya kusomwa tumboni.

Kwa hiyo huku nilisoma kila kitu. Chaja za simu na kompyuta ziliandikwa 100–240V. Hizo hazina neno, unabadilisha plagi tu. Birika langu la wati 2,000 nililijaribu kwa ubishi. Halikuungua, lilikaa tu kama limefiwa. Volti zikipungua nusu, nguvu ya joto hushuka hadi karibu robo, hivyo nilibaki na wati 540 na kitu. Chai ya dakika nne ikawa ya robo saa na ushee.

Gramafoni nikainunulia transfoma ya kupandisha volti, nzito kama tofali. Jumapili moja nikaweka santuri ndogo ya Morogoro Jazz, ile ambayo baba alikuwa akiipiga huku ananyoa ndevu. Sindano ikashuka. Mbaraka Mwinshehe akaanza kuimba kwa sauti ya mtoto ambaye bado hajabalehe, gitaa likimkimbilia nyuma.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama. Hebu sikiliza."

"Marahaba baba." Akasikiliza. "Mbona Mbaraka ana haraka? Huko hata marehemu mnawakimbiza?"

Nikacheka. Yeye akaongeza, "Na wewe siku hizi unaongea hivyo hivyo."

Kosa lilikuwa langu. Transfoma hubadilisha volti, basi. Umeme wa Tanzania una mapigo 50 kwa sekunde, wa Marekani 60, na mota ya gramafoni ya aina ile hufuata mapigo, haijali kitu kingine. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa inazunguka mara 54. Wimbo wa dakika tatu unaisha kwa dakika mbili na nusu. Nilikaa na hesabu ile kuliko ilivyostahili. Wiki ile nilikuwa nimemkatia mama simu mara tatu kwa "nitakupigia baadaye".

Fundi mmoja mzee, jirani na ninapofanya kazi, alinionyesha dawa: puli, kile kigurudumu kidogo kwenye mota kinachovuta mkanda. Mota ikienda kasi zaidi, unaiwekea puli nyembamba zaidi. Akaifunga, tukajaribu palepale. Mbaraka akarudi kwenye mwendo wake, na mimi, sijui ni akili gani, nikasikia harufu ya sabuni ya kunyolea.

Nilidhani mama atafurahi. Akauliza, "Sasa ukiirudisha huku itakuwaje?"

"Itakwenda polepole, mama. Itabidi kuweka ile puli ya zamani."

"Ya baba yako. Unayo?"

"Ninayo."

Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeiacha mezani kwa fundi, kipande cha chuma kidogo kuliko kifundo cha kidole. Kesho yake, kabla ya kazi, nilikwenda kwenye theluji kuidai, nikiomba Mungu asiwe ameitupa. Alikuwa ameiweka kwenye kopo la skrubu. Akachambua moja moja mpaka ikapatikana.

Sasa iko kwenye bahasha, nimeibandika chini ya gramafoni. Plagi ya miguu mitatu nayo sijaikata. Kila Jumapili mama huuliza kama puli ipo. Najibu ipo. Swali lenyewe hasa bado hajaliuliza, na mimi sijamjibu.