Maua Mbele ya Nyumba

Akina mama wenzangu, na akina baba pia, leo napenda tuongee habari ya maua. Najua wako watakaosema, "Huyu hana kazi. Maua hayaliwi, wala hayapelekwi mnadani, tena yanakunywa maji." Maneno hayo niliyasikia nyumbani kwangu kutoka kwa mama mkwe wangu, mwanamke aliyelima pamba na muhogo maisha yake yote hapa kando ya Ziwa. Neno la mtu kama huyo halidharauliwi. Hujibiwa kwa heshima.

Maua yenyewe yaitwa kosmosi. Shina lake ni refu, majani membamba kama nyuzi, nayo huchanua meupe, ya waridi na ya zambarau. Asili yake ni Meksiko. Aliyeyapa jina hilo kitabuni, mwaka 1791 mjini Madrid, alikuwa padre wa Hispania, Antonio José Cavanilles, mtaalamu wa mimea. Neno ni la Kigiriki: maana yake mpango mzuri, na pia pambo.

Sisi tukaao karibu na mawe makubwa ya Mwanza tuna udongo wa kichanga, luseni, ambao wakulima huulalamikia. Kosmosi hairuki udongo huo. Mtu akiitilia samadi nyingi, hurefuka, hujaa majani, huangushwa na upepo wa Ziwa, na maua huwa machache. Basi samadi iende kwenye mchicha. Ila msipande penye mbuga nyeusi ambako maji husimama, kwa maana mizizi huoza.

Pandeni mahali penye jua, mvua zianzapo. Mbegu za mwisho wa Oktoba huchanua karibu na Noeli. Za mwezi wa Machi huchanua Mei, mwezi wa Mama Maria. Lainisheni udongo, tawanyeni mbegu, zifunikeni kidogo tu, kisha wekeni matawi ya miiba juu ili kuku wasichakure. Baada ya juma moja hivi zitaota. Punguzeni miche, kila mmoja upate nafasi ya futi moja. Ukifika magotini, kateni ncha yake, nao utatoa matawi mengi.

Habari ya maji mama mkwe alisema kweli. Wakati wa kiangazi kila ndoo ni safari, na kichwa kinachoibeba ni cha mama au cha binti. Kwa hiyo kwetu tuliweka sheria: maua hayapewi hata kata moja ya maji safi. Yapate mvua, na maji yaliyokwisha kuosha mboga. Yanatosha.

Alikuwa na neno la pili, nalo lilikuwa zito zaidi. "Hata gugumaji lilipendwa kwa ua lake," alisema. Ni kweli. Mmea ule wa Amerika ya Kusini ulichukuliwa huko na huko duniani kupamba madimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaonekana katika Ziwa letu, na katika miaka ya 1990 ukaziba mialo. Mitumbwi ikashindwa kutoka, na watoto wakakosa samaki. Ikabidi waletwe wadudu, aina ya fukusi, kuula. Mama yule aliyaona hayo kwa macho yake. Nami nikamwambia: "Mama, haya nitayachunga." Kosmosi hujipanda yenyewe mbegu zikianguka. Kwa hiyo hukata vichwa vinapokauka, huweka mbegu katika karatasi, na miche inayotoka nje ya ua huing'oa. Mabua siyatupi bondeni. Apendaye ua na awe mlinzi wake.

Mama mkwe hakusema tena kitu. Miaka miwili baadaye miguu ilimwishia nguvu, shamba likawa mbali naye, hata mwaloni hakufika tena. Kutwa alikaa kizingitini. Siku moja aliniita, "Mwanangu, nigeuzie kiti hiki, niyaone maua yako." Tangu siku ile alihesabu yaliyochanua kila asubuhi, na mimi nikirudi kisimani hunipa hesabu: leo kumi na manne, leo ishirini na moja. Siku za mwisho alipohesabu kwa kukosea, wajukuu waliketi naye wakamsaidia. Alifariki mwezi wa Juni. Hatukununua maua ya plastiki ya mjini. Wajukuu waliyakata yale aliyoyahesabu, wakayaweka juu ya kaburi.

Ndugu zangu, chakula ni kwanza, na shamba lisipunguzwe hata tuta moja. Lakini katika kila nyumba yupo, au atakuwapo, mtu asiyeweza tena kwenda mbali. Kipande cha hatua tatu mbele ya mlango chamtosha. Asiye na mbegu na aombe kwa jirani. Mwenye nazo asizinyime.