Teremka Gede, Uingie Msituni

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi, ule msitu wa kushoto kabla ya kufika Gede ndio Arabuko-Sokoke. Nilipita hapo miaka mingi nikidhani ni kichaka tu.

Vijia vyake ni tambarare. Hata nyanya atatembea bila kuhema. Lakini mchukue mwelekezi kwenye kituo cha misitu, kwani ndovu wamo. Nendeni asubuhi, kimya kimya, mpate kumwona sange wa makalio ya dhahabu akipekua majani kwa pua yake ndefu. (Wanangu walicheka, akatoroka!)

Mtakutana pia na visiki vya mihugu iliyokatwa kwa wizi ikachongwa vinyago. Ng'ambo ya barabara, kwenye magofu ya Gede, kuna mradi ulioanza 1993: wakulima hufuga vipepeo wa kuuzwa ulaya, na mbegu yao hutoka humu humu msituni.