Mzaha Mzaha Hutumbua Usaha

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hii nilifunzwa nikiwa darasa la tano. Niliikariri, nikapata alama zangu, nikaisahau. Maana yake niliijua likizo ya Agosti mwaka jana.

Ilikuwa yapata saa moja unusu jioni. Mimi na rafiki yangu, ambaye nitamwita Juma ingawa hilo silo jina lake, tulikuwa tumeketi ng'ambo ya barabara, mkabala na duka moja la mtaani kwetu. Mchana wa siku hiyo mwenye duka alikuwa ametufukuza barazani pake mbele ya wasichana, nasi tulikuwa tumemwekea kinyongo. Juma alikuwa na simu ya mamake.

"Tumwitie makarao," akasema. "Tuone atatoroka aje."

Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Kwa kuwa sauti yangu imekwisha kuwa nzito kama ya mtu mzima, mimi ndimi niliyepiga 999.

"Afande, majambazi wanne wameingia dukani! Wana bunduki! Wamewafunga watu kamba!" Nikataja mtaa, nikataja duka, nikakata simu. Uongo huo haukuchukua hata dakika moja.

Sisi tulidhani atakuja askari mmoja na kirungu, aulize maswali, mwenye duka aaibike, basi. Kumbe! Gari la polisi lilifika likiwa limezima taa. Askari waliruka chini kabla halijasimama sawasawa, wakajibanza ukutani, bunduki zimeelekezwa mlangoni. Taa kubwa ikawashwa ghafla. Kicheko kilinikauka kooni. Jasho jembamba likaanza kunitiririka.

Wakati huo huo mlinzi wa duka, mzee ambaye sote twamwita Babu, alijitokeza nyuma ya duka akiwa ameshika tochi yake ndefu. Babu hasikii vizuri.

"Lala chini! Tupa hiyo kitu!" askari mmoja alifoka.

Babu hakulala. Alikinga macho kwa mkono mmoja na kuzidi kuja, tochi mkononi. Nilisikia bunduki ikikokiwa. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni uongo, hakuna jambazi, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Aliyemwokoa Babu ni mama mmoja muuza mboga. Alitupa kikapu chake akapaza sauti, "Afande, msipige! Huyo ni soja wetu! Hasikii!"

Bunduki ziliteremshwa. Babu aliketi kwenye vumbi, mikono ikimtetemeka. Mimi na Juma tulisema mguu niponye.

Mambo hayakuishia hapo. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mamake Juma. Usiku huo huo polisi walikuja wakamchukua, akalala kituoni. Sikupata hata lepe la usingizi. Alfajiri nilimwendea baba nikamwambia yote. Baba hakunichapa. Alivaa koti lake akasema neno moja tu, "Twende." Tulimpitia Juma njiani.

Mkuu wa kituo alitusikiliza, kisha akasema, "Vijana, mimi nikiambiwa kuna bunduki, siwezi kutuma watu wangu kama wanaokwenda harusini. Wanaenda wakijua wanaweza kufa. Mtu wa kwanza kutokea gizani ndiye adui. Na gari ni hili moja. Kama kungekuwa na mtu anayevamiwa kwa kweli upande ule mwingine, angeokolewa na nani?" Alitufahamisha kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema kumpa mtumishi wa umma habari unayojua kuwa ni ya uongo ni kosa, na kwamba watu hufungwa kwa kosa hilo. Mamake Juma aliachiliwa. Sisi tulionywa vikali tukiwa mbele ya wazazi wetu.

Baadaye dada yangu aliye chuo kikuu alinieleza kisa cha Marekani kilichonitia baridi. Tarehe 28 Desemba 2017 wachezaji wawili wa michezo ya kompyuta waligombana kwa sababu ya dau la dola moja na senti hamsini, kama shilingi 150 za wakati ule. Mtu mmoja aliyekuwa Los Angeles akaombwa awapigie polisi wa mji wa Wichita, jimbo la Kansas. Aliwaambia amempiga babake risasi na amewateka jamaa zake. Anwani aliyopewa ilikuwa ya zamani. Aliyeishi humo hakuwajua wagombanao wala hakuwa akicheza. Kijana wa miaka 28 akafungua mlango aone taa zile ni za nini. Askari mmoja alidhani anashika bunduki, akafyatua risasi. Kijana alikufa. Hakuwa na silaha yoyote. Aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mnamo mwaka wa 2019.

Niliposikia hayo nilimwona Babu na tochi yake. Wenzangu, wale askari hawakumwona Babu. Walimwona jambazi niliyewachorea mimi. Mimi ndimi niliyemtia bunduki mkononi mzee ambaye hajawahi kumkosea mtu.

Nilienda kumwomba radhi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, mimi niliona mwanga tu. Nilifikiri ni gari la mkate." Alinisamehe. Lakini mwezi ulipokwisha alichukua mshahara wake akarudi kwao mashambani. Mwenye duka alisema mzee amekuwa akishtuka kila gari lipitapo.

Najua wako humu shuleni wanaopiga 999 au 112 wakati wa mapumziko ili wacheke. Nimewasikia, na wengine ni marafiki zangu. Nimekubali kuaibika kwenye kurasa hizi ili niwaambie: kicheko kile ni cha dakika moja. Mimi bado hulipita duka lile kila asubuhi nikija shule, na kiti cha Babu kingali pale, kitupu.